Vidole Navyo Vina Ulimi

Juma hili mwanetu alitufunza mchezo wa kompyuta usio na picha, wa maandishi matupu. Asili ya aina hii ni Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Ukiandika kwa Kiingereza neno la kaskazini, wapita mlango. La kutazama, waelezwa chumba ulimo. La kusema, waliomo wote husoma kauli yako. Sisi tulidhani twasema na mashine, tukamdhihaki mmoja wao. Akajibu kuwa tumemuumiza. Kumbe ni mtu, naye kaketi kwao akicheza kama sisi! Tukamwomba radhi. Basi tuketi na wana wetu, tujue mchezo wao, nao wajue adabu ya maneno: vidole navyo vina ulimi.