Sauti Zilizotoka Kabatini

Mwezi huu tunaomba ruhusa yako tuweke kando mambo ya jikoni na malezi, tuzungumze juu ya muziki. Si kwaya wala taarabu, bali ni bendi ya Waingereza ambayo kwa nyimbo zake nyingi haina mwimbaji. Tunajua wapo watakaocheka. Na sisi tulicheka siku ya kwanza kijana wetu wa nyumbani alipotuwekea.

Bendi yenyewe inaitwa Public Service Broadcasting, yaani Utangazaji kwa Umma. Ni ya London. Kiongozi wao hujiita J. Willgoose, Esq., mpiga gitaa na banjo anayependa kuvaa tai ndogo ya kipepeo kama mwalimu mkuu wa zamani. Mpiga ngoma hujiita Wrigglesworth. Kazi yao ni hii: huenda kwenye hifadhi za filamu na sauti za zamani, wakachagua maneno yaliyosemwa na watu halisi miaka mingi iliyopita, kisha wakayatungia muziki. Mahali ambapo bendi nyingine ingeweka mwimbaji, wao huweka sauti ya mtangazaji, mchimba madini au rubani. Hata jukwaani Willgoose alijulikana kwa kutoongea. Alipotaka kuwaamkia watu au kuwashukuru, alibonyeza kompyuta na sauti iliyorekodiwa ikamsemea. Watu walicheka sana, naye alibaki kimya.

Albamu yao ya kwanza ya mwaka 2013 iliitwa Inform - Educate - Entertain, kuhabarisha, kuelimisha na kuburudisha. Kila aliyekulia karibu na redio anayajua maneno hayo matatu, maana ndiyo kazi ambazo BBC ilijipa tangu zamani. Humo mna wimbo uliotokana na filamu ya mwaka 1936 kuhusu treni ya usiku ya barua, na mwingine kuhusu waliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Ni nyimbo za kuchangamsha tu, za kusikiliza huku unapiga pasi.

Mwaka 2015 wakatoa The Race for Space, juu ya Warusi na Wamarekani walivyoshindana kwenda angani. Hapo ndipo tulipoacha kucheka. Upo wimbo juu ya Apollo 8, Desemba 1968, watu watatu walipozunguka nyuma ya mwezi kwa mara ya kwanza. Huko nyuma redio haifiki, kwa hiyo waliobaki Houston walikaa kama nusu saa bila kujua kama wenzao ni wazima. Muziki nao unafifia hadi karibu kunyamaza. Unajikuta na wewe umeshika pumzi, ingawa unajua fika kwamba walirudi salama! Ishara inapopatikana tena, ngoma na magitaa yanarudi kwa nguvu kama watu waliofunguliwa mlango.

Lakini albamu tunayoipenda kuliko zote ni Every Valley, Kila Bonde, ya mwaka 2017. Jina hilo humkumbusha msomaji wa Biblia sura ya 40 ya Isaya. Inasimulia mabonde ya Wales Kusini na watu wake waliochimba makaa ya mawe. Mwaka 1920 wachimbaji wa huko walikuwa zaidi ya 250,000. Machi 1984 wachimbaji wa Uingereza waliingia katika mgomo mkubwa wa kupinga migodi kufungwa, wakakaa mwaka mzima bila mshahara, na Machi 1985 wakarudi kazini wakiwa wameshindwa. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Ule wa Tower, mgodi mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi katika sehemu hizo, ulifungwa mwaka 2008.

Nyimbo ni 11, na zimepangwa kama maisha ya mtu. Mwanzoni mna majigambo: matangazo ya zamani yanawaita vijana waje mgodini, kwamba makaa yatahitajika daima. Ukijua yaliyowapata baadaye, maneno hayo ya furaha yanachoma. Kisha unakuja mgomo, na ngoma zinakuwa za hasira. Wimbo wa kumi unaitwa Mama wa Kijiji, na mama anayesemwa ni mgodi wenyewe. Alipokufa, watoto wake walitawanyika.

Akina mama wenzetu, sikilizeni hasa wimbo wa nane, They Gave Me a Lamp, Walinipa Taa. Taa ya mgodini ilikuwa kitu cha mwanamume, kwa sababu sheria ya mwaka 1842 ilikataza wanawake na wasichana kufanya kazi chini ya ardhi. Mwanamke alingoja juu, akichemsha maji ya kuoga mumewe. Mgomo ulipokuja, wake za wachimbaji ndio waliofungua majiko ya kulisha familia, wakagawa vifurushi vya chakula, wakasafiri kuomba misaada, na wengine ambao hawakuwahi kusimama mbele ya watu wakaanza kuhutubia mikutano. Katika wimbo huu wanajisemea wenyewe. Hawalii wala hawajisifu. Wanaeleza tu, kama jirani anavyoeleza uani, jinsi walivyojigundua. Muziki unawafuata polepole bila kuwapita. Tumeusikiliza mara nyingi, na kila mara tunaacha tunachofanya.

Tulijiuliza kama ni haki kuchukua sauti ya mtu, pengine marehemu, na kuipigia gitaa. Tunaona bendi hii imejibu kwa vitendo. Vijana hawa wa London hawakukaa kwao na kuwatungia watu wa Wales habari zao. Walihamia Ebbw Vale, mji wa mabonde hayo, wakarekodi katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi. Wimbo mmoja wa mapenzi una sehemu iliyoimbwa kwa Kiwelishi. Na wa mwisho, Take Me Home, wameuacha mikononi mwa kwaya ya wanaume ya Beaufort, hapo hapo jirani. Bendi inanyamaza, wenyeji wanaimba.

Si kwamba hawana kasoro. Mara nyingine ngoma humeza maneno, na kwa sisi ambao Kiingereza tulijifunzia darasani ni lazima kurudia. Albamu ya mwaka 2024, The Last Flight, inamhusu Amelia Earhart, rubani aliyepotea katika Bahari ya Pasifiki Julai 1937, na maneno yake mengi yamesomwa na mwigizaji. Imefanywa vizuri, lakini masikio yetu yaliitafuta sauti yake mwenyewe.

Pengine ni sisi tu. Nyumbani kwetu kulikuwa na kaseti ambayo marehemu mama alirekodiwa akiwasimulia wajukuu jinsi alivyoolewa, na mlangoni jogoo alikuwa anawika. Siku moja mtoto mmoja alitaka kunasa nyimbo za redioni, akachukua kaseti iliyokuwa karibu. Hatukumpiga, hakujua. Mwishoni mwa upande wa pili zimebaki sekunde chache: mama anakohoa, anauliza kama mashine bado inazunguka, kisha anacheka. Tumemwomba yule kijana wa muziki azihamishie kwenye simu zetu wote, naye ameahidi kuifanya kazi hiyo Jumamosi.