Gari Likilala, Nani Yuko Zamu?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walioutunga usemi huo yamkini walikuwa wakifikiria ng'ombe, nafaka na madeni. Hata hivyo, unalifaa pia gari lililofungiwa bandani wakati mwenyewe yuko mbali kikazi.

Jambo hili ni la kawaida katika nyumba za askari. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na zamu ya huko huweza kuchukua mwaka mzima. Polisi naye huhamishwa kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine kwa amri ya siku chache. Ichukuliwe mfano wa sajini mwenye nyumba yake Molo, katika wilaya ya Tororo, ambaye kwa akiba ya miaka mingi amejinunulia Subaru Impreza iliyotumika. Gari hilo lina sifa katika nchi hizi. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Kabla yao, Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda aliwahi kushinda mashindano hayo mara tano kati ya 1973 na 1982. Si ajabu basi kwamba sajini hulipenda gari lake. Swali ni kama amejua namna ya kuliacha.

Ulaya na Japani mwenye gari la mbio hulihifadhi wakati wa baridi kali, akiogopa barafu na chumvi inayomwagwa barabarani. Molo hakuna theluji, lakini iko mvua. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha hurudi tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Tororo imepata kutajwa duniani kwa wingi wa radi, kwani kati ya 1967 na 1976 ilihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Kazi ambayo chumvi na theluji hufanya huko, hapa hufanywa na unyevu, matope na panya.

Siku ya safari agizo hutolewa mlangoni, begi likiwa tayari begani: "Mama Watoto, kila Jumamosi liwashe gari dakika tano tu, lisilale." Naye hujibu, "Haya, Baba Watoto, nenda salama." Agizo hilo hutolewa kwa nia njema na kufuatwa kwa uaminifu, nalo ndilo linaloliharibu gari.

Sababu yake ni hii. Petroli inapoungua ndani ya injini, mojawapo ya vitu vinavyozaliwa ni maji. Injini ikipata joto kamili, maji hayo hutoka pamoja na moshi yakiwa mvuke. Ikizimwa baada ya dakika tano, hubaki ndani: mengine huingia katika oili, mengine hutuama katika bomba la moshi na kulilisha kutu. Tena, kuwasha kwenyewe hunyonya umeme mwingi wa betri, na dakika tano hazitoshi kuurudisha. Baada ya miezi kadhaa betri imekufa, bomba limetoboka, na lawama humwangukia mke aliyetimiza alivyoambiwa.

Kwa hiyo njia ni mbili. Ama gari liendeshwe barabarani kila baada ya wiki mbili, na mtu mwenye leseni, bima ikiwa hai, kwa muda wa nusu saa au zaidi hata injini ipate joto kamili. Ama lisiwashwe kabisa hadi mwenyewe arudi. Njia hii ya pili ni salama na rahisi, mradi gari liandaliwe kabla ya safari.

Iko pia hatari iliyo kubwa kuliko kutu. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kimya kimya. Injini isiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, wala karibu na dirisha la chumba wanamolala watoto. Gari hununuliwa tena. Mtoto hapatikani dukani.

Maandalizi yaanze wiki moja kabla ya kuondoka. Gari lioshwe, hasa chini na ndani ya matao ya magurudumu, kwa kuwa udongo ulioganda pale hushika maji kama sifongo. Kisha lianikwe juani hadi likauke kabisa. Oili ibadilishwe pamoja na chujio lake, kwani oili iliyotumika ina asidi na maji ambayo hula vyuma taratibu. Katika rejeta yasiwekwe maji matupu. Wako wanaodhani kwamba dawa ya rejeta ni ya nchi za barafu tu. Kumbe dawa hiyo huzuia kutu pia, na kutu haihitaji baridi.

Ikiwa safari ni ya miezi miwili au mitatu, tangi lijazwe petroli ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ndani yake. Ikiwa ni ya mwaka, petroli hiyo haitafaa tena, na fundi aitoe kabla gari halijawashwa. Injini yenye tabo, yaani ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ya moshi, huumizwa upesi na petroli iliyochacha. Petroli ya akiba isiwekwe katika jerikeni ndani ya nyumba.

Breki ya mkono isiachwe imevutwa, maana huweza kugandamana na kushikilia magurudumu. Gari litiwe gea na kuzuiwa kwa kabari za mbao mbele na nyuma. Matairi yaongezwe upepo kidogo: kama kawaida yake ni pauni 32, yafikishwe 36 au 38, bila kupita kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Akitaka kuyapumzisha kabisa, gari liinuliwe juu ya stendi imara za chuma. Mawe na matofali yasitumike, na watoto wasicheze chini yake.

Betri ifunguliwe, waya wa hasi ukitangulia, na kuwekwa juu ya ubao mahali pakavu penye hewa, mbali na watoto na jiko. Inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6; ikishuka chini ya 12.4, ipelekwe kuchajiwa. Itazamwe hivyo kila mwezi.

Panya naye apewe heshima ya adui. Baada ya mavuno ya mahindi na wimbi hutafuta makao, na nyaya za gari huwa chakula cha meno yake. Magunia ya nafaka yasihifadhiwe katika banda la gari. Mitego na paka ni bora kuliko sumu, ambayo huweza kuua kuku na kudhuru watoto. Mdomo wa bomba la moshi uzibwe kwa kitambaa, maana hata dondora hupenda kujenga humo. Kitambaa hicho kifungwe utepe mwekundu, asije mtu akasahau kukitoa. Turubai la nailoni lisilazwe moja kwa moja juu ya gari, kwani hufungia unyevu na kukwaruza rangi. Paa la mabati lisilovuja, lenye pande zinazopitisha hewa, latosha.

Baada ya hayo yote, lije daftari. Humo iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa, aina ya oili, upepo wa matairi, mahali ilipo betri, vitu vilivyozibwa, siku ya kwisha kwa bima, na simu ya fundi anayeaminika. Mume na mke walizunguke gari pamoja, daftari mkononi, kama walinzi wanavyokabidhiana zamu. Mke asiyejua kuendesha aweza kuwa mlinzi bora: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi atazame kama kuna oili iliyodondoka, kinyesi cha panya au tairi lililolala, kisha aandike alichokiona. Robo saa yatosha.

Siku ya kurudi ina majaribu yake, kwa sababu furaha huwa na haraka. Sajini aanze na daftari. Vizibo vitolewe, nyaya zikaguliwe, oili na mafuta ya breki vipimwe, upepo wa matairi urudishwe katika kawaida yake. Gari likishatolewa nje ya banda, injini iwashwe na kuachwa ingurume polepole bila kukanyagwa, oili ipate kufika katika tabo. Kisha breki zijaribiwe uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, mara kadhaa, kwa maana diski zake zitakuwa zimeota kutu. Anayelijaribu gari lililolala kwa mara ya kwanza katika barabara ya Malaba, katikati ya malori makubwa, anazijaribu breki mahali ambapo kosa halisameheki.

Askari hujua kwamba lindo halikabidhiwi kwa neno moja la mlangoni. Hukabidhiwa kwa maelezo kamili, na anayelipokea hutia sahihi. Gari la nyumbani nalo lastahili hayo, na mke anayebaki nalo astahili zaidi: apewe maarifa kabla hajapewa ufunguo.