Anayemuuguza Mzee Wetu Naye Ana Haki Zake

Zipo nyumba nyingi mjini ambamo bibi au babu amelala kitandani, na anayemwogesha, kumlisha na kumbadilisha nguo si mwana wala mjukuu, bali ni msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mkoani. Haipiti miezi mitatu, msichana huondoka. Familia hulalamika kwamba vijana wa leo hawana subira, na mzee huanza tena kuzoea mikono migeni. Sisi tunaona swali liulizwe upande wa pili: ni kipi nyumbani mwetu kingemfanya atake kubaki?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, katika kitabu alichokitoa na wenzake mwaka 1959, alitenganisha mambo mawili. Mshahara na mazingira ya kazi vikiwa vibaya humchukiza mfanyakazi, lakini vikiwa vizuri havitoshi kumpa moyo. Kinachompa moyo ni kuona matunda ya kazi yake, kutambuliwa na kuaminiwa.

Tuanze na la kwanza. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Aliyeamka usiku mara tatu kumgeuza mgonjwa, kisha alfajiri akashika ufagio, amepumzika lini? Kumwita “mwanetu” hakufuti deni la mshahara wake. Humzidishia tu haya ya kuudai.

La pili ni elimu na heshima. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya kulalia. Ni wangapi miongoni mwetu humweleza msichana sababu hiyo? Wengi humpa amri tu. Aijuaye sababu huitazama ngozi salama ya bibi na kujua kuwa ni kazi ya mikono yake. Siku ya kliniki naye aende, aulizwe na daktari, kwani ndiye ajuaye bibi alikula nini na alilalaje.

Katika historia yetu, Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema la kutibia majeruhi katika msikiti wa Madina. Sa'd bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliamuru apelekwe humo. Kazi ya uuguzi iliwekwa mbele ya macho ya jamii; haikufichwa uani.

Basi wiki hii tukae naye tukubaliane tarehe ya mshahara na siku ya mapumziko. Na siku hiyo zamu ya usiku waishike wana wenyewe, kwani thawabu za kumhudumia mzazi hazikodishwi.