Maradhi ya Mifugo na Deni la Wanakiswahili

Jina la Kariokor lina historia ya mizigo na maradhi. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa shehena za Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, na ndugu yake ni Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao, na walio wengi waliuawa na magonjwa wala si risasi. Leo soko la mtaa huo wa Nairobi lasifika kwa nyama ya kuchoma na bidhaa za ngozi. Kazi zote mbili zamtegemea mnyama, na mnyama ana maradhi yake ambayo humpa binadamu bila kumuuliza. Nimeona niyazungumzie katika jarida hili, badala ya kuwaachia madaktari peke yao, kwa kuwa sehemu moja ya tatizo ni ya lugha.

Tuanze na kimeta, ambacho jina tunalo. Bakteria wake, watokapo katika mzoga na kukutana na hewa, hujifunga ndani ya gamba gumu na kuweza kukaa ardhini kwa makumi ya miaka. Mchuna ngozi mwenye mchubuko kidoleni huwapokea papo hapo. Hutokea kipele cha kuwasha, kisha kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi tititi. Ndiyo maana Wayunani waliuita ugonjwa huu kwa neno lao la makaa. Kimeta cha ngozi ndicho kilicho kingi mno miongoni mwa watu, nacho hutibika kwa viuavijasumu. Kisipotibiwa, huweza kuua hadi mtu 1 katika kila 5. Mwaka 2015 wataalamu wa afya na wa mifugo nchini Kenya walipoyapanga maradhi ya wanyama yanayoambukiza watu kulingana na uzito wake, kimeta kilishika nafasi ya kwanza. Mnamo Aprili 2023 kiliua watu katika kaunti ya Murang'a, si mbali na Nairobi.

Hapa lazima tuwe waadilifu kwa mafundi wa Kariokor: ngozi iliyokwisha kupikwa kiwandani si ya kuogopwa. Hatari imo katika ngozi mbichi iliyoanikwa juani ikiwa bado na manyoya, kama ile ya kuwambia ngoma. Mwaka 2008, mjini London, mtengenezaji wa ngoma alifariki kwa kimeta cha mapafu baada ya kushughulikia ngozi za namna hiyo. Sisi wa fasihi simulizi tumeandika kurasa nyingi kuhusu ngoma, dhima yake jandoni na harusini. Sikumbuki tulipomtaja anayevuta vumbi la ngozi yake.

Sasa twende kwa brusela, na hapa ndipo lugha inapotutia aibu. Bakteria wa ugonjwa huu waligunduliwa na David Bruce kisiwani Malta mwaka 1887. Hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi, kwa kumzalisha mnyama, au kwa damu na majimaji ya mnyama kumwingia mchinjaji kupitia jeraha. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu ambao jamaa huuita uvivu. Matibabu yake huchukua wiki 6, si siku 3.

Maandishi mengi ya Kiswahili huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Ni jina zuri kwa ng'ombe. Nilipolitaja mbele ya muuza nyama mmoja wa Kariokor, aliyekuwa akinieleza jinsi homa inavyomrudia, aliweka kisu chini akacheka. "Mimba ya nani, ndugu yangu? Mimi ni mwanaume." Kisha akaniambia kwamba alikwisha kupimwa akaambiwa ana "brucella," na kwamba kila mtu wa nyama anayo. Alilitamka neno hilo kama mtu atajaye jina la jirani.

Maneno yake yalinifikirisha kuliko kicheko chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumiwa na vituo vya afya vya Kenya hakikuwa cha kutegemewa. Wengi walioambiwa wana brusela hawakuwa nayo. Basi neno limegeuka gunia: kila homa isiyoeleweka hutiwa humo. Asiye mgonjwa humeza dawa za wiki 6, na mgonjwa wa kweli husema amezoea.

Ugonjwa wa tatu una habari ya kutia moyo. Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua homa na kutokwa damu puani, na 3 wakafariki. Kwa siku kadhaa magazeti ya Tanzania yaliandika "ugonjwa usiojulikana," na uvumi ukaenea. Wataalamu walipotambua kuwa ni ugonjwa wa bakteria waenezwao na mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine, Wizara ya Afya iliutangaza kwa jina la homa ya mgunda. Mgunda, katika lugha kadhaa za Kibantu, Kigikuyu kikiwemo, ni shamba. Muuza nyama wa Kariokor aliyezaliwa Nyeri hahitaji kamusi kulielewa. Naye ana haja nalo: uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 700 wa machinjio ya magharibi mwa Kenya ulikuta dalili za maambukizi hayo katika damu ya takriban 13 kwa kila 100. Hata hivyo, ni nadra kulisikia jina hilo upande huu wa mpaka.

Atanijibu mhadhiri kwamba istilahi si dawa. Ni kweli. Lakini neno UKIMWI nalo halikuwa dawa, na bila neno hilo sijui tungezungumzaje vijijini, wala William Mkufya angeandikaje *Ua la Faraja* mwaka 2004. Sisi hupenda kuunda istilahi za isimu, tukagombana kuhusu mofimu na alomofu, ilhali mchinjaji anaachiwa "homa" moja kwa maradhi manne. Nahofia Sheng itamtungia neno kabla yetu, na pengine litakuwa bora kuliko letu.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo. Kabla ya toleo lijalo, wanafunzi wachache waende Kariokor, na soko la nyama la Burma pia, wakusanye maneno wanayotumia watu wa nyama na ngozi kwa vidonda, homa na ajali za visu. Orodha hiyo ipelekwe kwa wanafunzi wa utabibu wa mifugo walioko Kabete, waonyeshe neno lipi ladokeza ugonjwa upi. Kutoka katikati ya jiji hadi Kariokor ni mwendo wa takriban nusu saa kwa miguu, na wachomaji huwa na nafasi ya mazungumzo asubuhi, kabla ya wateja wa mchana kufika.