Faili likipotea, anayeshindwa ni mnyonge

MIZANI YA UMMA
Na Salome Mwakitalima

Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa ikifika bungeni, macho yetu hukimbilia mabilioni. Nani kala, kala kiasi gani, halmashauri ipi imepata hati chafu. Mimi huanza na aya zisizo na kishindo: malipo yasiyo na viambatisho, hati za malipo ambazo wakaguzi waliziomba wasizipate, vitabu vya stakabadhi walivyopewa wakusanya mapato na havikurudi. Aya za namna hiyo hujirudia miaka nenda miaka rudi, na kwa kuwa zinahusu karatasi, wengi huzipita kama mambo madogo.

Si madogo hata kidogo. Hati ya malipo isipoonekana, mkaguzi hawezi kusema kuwa fedha zimeibwa, wala hawezi kusema zimetumika vizuri. Mwizi anapona kwa kukosekana ushahidi, na mhasibu aliyelipa kihalali anabaki na doa kwa sababu hiyohiyo. Tunapopoteza faili, tunapoteza uwezo wa kumtenga mwaminifu na mwizi, na nchi isiyoweza kuwatenga hao wawili haiwezi kumwadhibu yeyote kwa haki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika halmashauri zetu kinachopotea kinazidi mali. Tuanze na mwalimu wa shule ya msingi aliyeajiriwa wilaya moja, akahamishiwa ya pili, akastaafia ya tatu. Siku ya kufuatilia mafao anatakiwa awe na barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa cheo. Kama jalada lake binafsi halikumfuata kila alipohamishwa, ni yeye atakayepanda basi, kwa nauli yake na kwa uzee wake, kurudi kubisha hodi kwenye masjala ya wilaya alikoanzia kazi.

Yuko pia mjane ambaye shamba la marehemu mumewe liligawiwa na kijiji miaka 20 iliyopita. Anayelitaka shamba hilo ana wakili, ana hela, ana mashahidi wa kutosha. Mjane ana mstari mmoja tu ndani ya muhtasari wa kikao. Daftari hilo likiliwa na mchwa, kesi yake imekwisha kabla hajafika barazani. Mwenye uwezo huwa na nakala nyumbani, kwa wakili na benki, lakini asiye nacho aliiamini serikali ya kijiji imtunzie nakala yake pekee. Kwa hiyo uzembe huu haugawanyi hasara sawa kwa sawa. Unamwelemea yule aliyekwisha kuwa chini.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, inamtaka mkuu wa kila ofisi ya umma, halmashauri zikiwemo, aweke kumbukumbu za kazi zake na azitunze ipasavyo. Inakataza pia kuziteketeza bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji iwe na rejesta ya ardhi yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Lakini raia akiomba muhtasari ambao haupo, siku 30 zitakwisha na jibu litakuwa lilelile: hatuuoni.

Chanzo cha tatizo kipo mahali ambapo wengi hawapatazami. Tunatunza karatasi nyingi mno. Fungua stoo ya halmashauri yoyote iliyozeeka na utaona maboksi ya fomu za likizo za miaka mingi, nakala tano tano za barua za mwaliko wa semina na madaftari ya kupokelea barua yaliyojaa zamani. Katikati ya rundo hilo, bila alama yoyote, iko ramani ya upimaji wa mji au muhtasari wa baraza la madiwani uliobadilisha matumizi ya eneo la wazi. Karani wa masjala haruhusiwi kuchoma kitu na hajapewa mwongozo wa nini kibaki, kwa hiyo anabakiza vyote. Vyote vinalowa mvua moja, vinaliwa na mchwa mmoja.

Halafu inafika siku ambayo chumba kinahitajika. Kumekuja idara mpya, au mgeni mkubwa anatarajiwa. Stoo inasafishwa kwa siku moja, na fomu ya likizo inakwenda na ramani. Kurundika kila kitu na kuchoma kila kitu ni tabia mbili zinazozaana: asiyechambua leo atachoma kesho, maana amejinyima njia nyingine.

Kuteketeza kumbukumbu kwa hiyo si dhambi. Ni sehemu ya kuzitunza. Kinachotakiwa ni ratiba inayoeleza kila aina ya jalada litakaa muda gani kwenye masjala, lini litahamia kwenye hifadhi ya majalada tuli, na mwisho wake ni moto au ni Nyaraka za Taifa. Fomu ya likizo inaweza kuondoka baada ya miaka michache. Hati za malipo zikae hadi ukaguzi na mashauri yake yaishe kabisa. Mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji, rejesta ya ardhi, sheria ndogo na ramani za mipaka zisiteketezwe kamwe. Na kila kinachoteketezwa kiandikwe: ni jalada gani, la mwaka gani, nani ameidhinisha, nani ameshuhudia. Orodha ya vilivyochomwa ni kumbukumbu muhimu kuliko vingi vilivyochomwa.

Ipo njia nyingine ya kuondoa karatasi ambayo haina hata moto. Ni kawaida mjini kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya ofisi yenye majina ya watu, namba zao na saini zao. Karatasi hiyo ilitoka mahali fulani na mtu fulani aliiruhusu itoke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, imeweka wazi kwamba anayekusanya taarifa za mtu anawajibika kuzilinda. Halmashauri ndiyo inayojua nani anadaiwa, nani anaumwa katika zahanati yake, mtoto wa nani yuko shule gani. Mashine ya kusaga karatasi si anasa kwa ofisi inayobeba siri za watu wengi kiasi hicho.

Hatari huzidi kila mipaka na mamlaka zinapobadilika, nasi tumezibadilisha mara nyingi. Serikali za mitaa zilifutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukafuata Songwe. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma tangu miaka ya 1970, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamishiwa halmashauri ya manispaa. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa Februari 2021 na hadhi ya jiji ikaenda Ilala. Kila tangazo la aina hiyo hueleza magari, majengo na watumishi watakwenda wapi. Ni nadra kusikia likieleza mafaili yatakwenda wapi. Migogoro ya viwanja vya Dodoma imewashughulisha mawaziri wa ardhi mmoja baada ya mwingine, na wakazi wanaoshikilia hati za mamlaka iliyokufa wanajua thamani ya jalada linalohama salama.

Mabadiliko yanayonitia wasiwasi zaidi hayatangazwi hata redioni. Ni yale ya kijijini. Tuna vijiji zaidi ya 12,000, na Novemba 27, 2024 wananchi walichagua wenyeviti wao. Wengi wanakumbuka kelele za kampeni. Wachache wanaweza kueleza mwenyekiti aliyetoka alimkabidhi nini aliyeingia, mbele ya nani, na kwa orodha ipi. Muhuri hukabidhiwa haraka kwa sababu muhuri ni mamlaka. Madaftari ya mihtasari, kitabu cha wageni, mikataba ya wawekezaji na barua za mipaka hubaki kwenye begi nyumbani kwa mzee aliyeshindwa uchaguzi, mara nyingine kwa hasira. Mtendaji akihamishwa hali ni hiyohiyo. Kijiji kinapata viongozi wapya ambao hawajui kijiji kiliamua nini, na yeyote mwenye nakala aliyoiandika mwenyewe anaweza kudai kuwa kiliamua.

Watatokea wa kusema kwamba mifumo ya kompyuta imekwisha kumaliza hadithi hii. Ni kweli mashine za kukusanyia mapato zimeziba mianya ya vitabu vya stakabadhi, mfumo wa TAUSI wa mapato ya halmashauri unafanya kazi, na ofisi nyingi zimehamia kwenye mfumo wa ofisi mtandao. Nayapongeza hayo kwa moyo wote. Lakini maandishi ya risiti ya mashine hufifia, na mfanyabiashara anayedaiwa ushuru wa miaka iliyopita anajikuta ameshika karatasi nyeupe. Maamuzi ya kata hufanywa kwenye makundi ya WhatsApp, na simu ni mali ya mtendaji, si ya kata. Nywila ya mfumo hujulikana na ofisa mmoja. Kompyuta haiamui kipi kibaki na kipi kiondoke. Hiyo bado ni kazi ya binadamu aliyesomea, na asiyekuwa na ratiba kwenye karatasi hatakuwa nayo kwenye mfumo.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Diwani ataniuliza: kati ya zahanati na rafu za mafaili, nianze na nini? Namjibu kwa heshima kwamba zahanati hiyo imejengwa juu ya kiwanja, na kiwanja kina karatasi. Dawa zake ziliingia kwa hati ya mapokezi. Muuguzi wake ana jalada. Ukiacha hayo yaoze, utakuja kuitafuta haki ya zahanati yako mahakamani. Na kutunza si jambo lililotushinda. Nyaraka za Taifa, pale Upanga, zina majalada ya utawala wa Wajerumani ambayo mwaka 1997 yaliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Kama tumeweza kuyatunza maandishi ya waliotutawala kwa mabavu, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, hatuna sababu ya kushindwa kutunza muhtasari wa kata wa mwaka 2005, ulioandikwa na sisi wenyewe kuhusu sisi wenyewe.

Naomba mambo matatu. La kwanza, kila moja ya halmashauri zetu 184 iwe na ofisa kumbukumbu aliyesomea kazi hiyo, asikilizwe kwenye vikao vya menejimenti, na masjala iache kuwa mahali pa kumpeleka mtumishi aliyekosa pa kukaa. La pili, TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa zitoe ratiba fupi ya Kiswahili kwa ajili ya kijiji na mtaa, ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani, unaoeleza kipi hakichomwi kamwe. La tatu, makabidhiano ya kijiji yafanyike mbele ya mkutano mkuu, daftari kwa daftari, na orodha isainiwe na anayetoka, anayeingia na mashahidi kutoka miongoni mwa wananchi.

Hilo la tatu halihitaji waraka wala bajeti. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuuliza. Katika mkutano ujao, kabla ya ajenda ya michango, mwananchi mmoja asimame aombe madaftari ya mihtasari yaletwe yaonekane. Yakiwepo, yahesabiwe na yaandikwe. Yasipokuwepo, mkutano usifungwe mpaka ijulikane yako kwa nani na yatarudi lini.