Ufupisho si Kunakili

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nizungumze juu ya swali ambalo wengi wetu hulikimbia kama ukoma. Nalo ni ufupisho.

Muhula wa kwanza nilipata alama 4 kati ya 15. Nilikuwa nimejaza nafasi yote, kwa hivyo nilimwendea mwalimu mbio nikidhani amekosea kuhesabu. Akanionyesha. Jibu langu lilikuwa sentensi za mwandishi neno kwa neno, moja nimeiokota huku, nyingine kule. Akaniuliza, "Na wewe umesema nini hapa?" Nikabaki kimya.

Maoni yangu ni kwamba hatuanguki ufupisho kwa sababu Kiswahili ni kigumu. Tunaanguka kwa sababu tumezoea kunakili. Ubaoni tunanakili, vitabuni tunanakili, hata kazi ya ziada kabla ya kengele ya asubuhi kuna wanaonakili (mnajijua!). Mtu wa namna hiyo akiambiwa aeleze kifungu kwa maneno yake atatoa wapi?

Ajabu ni kwamba nyumbani ufupisho tunaujua. Nyanya yangu miguu humsumbua, basi wakati wa likizo hunituma mimi kwenye baraza la chifu. Nikirudi huuliza, "Wamesema nini?" Baraza limechukua saa tatu, nami humwambia kwa dakika mbili. Simwelezi nani alichelewa wala nani alikohoa. Namwambia lile linalomhusu.

Hata katika mtihani ni hivyo hivyo. Soma swali kwanza, ujue unaulizwa nini na maneno mangapi. Kisha soma kifungu mara mbili. Katika nafasi ya matayarisho andika hoja tu, ukiacha mifano, marudio na mapambo ya lugha. Hebu tutazame kifungu hiki nilichokitunga:

"Mama mboga, muuza nyama na mwenye duka, wote walikuwa wakiwafungia wateja bidhaa kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilitupwa ovyo ikaziba mitaro na mvua iliponyesha maji yakafurika mitaani. Ng'ombe na mbuzi nao waliila wakafa. Ndiyo sababu serikali iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017."

Hayo ni maneno 43. Tukiulizwa madhara ya mifuko hiyo, maneno 10 yanatosha: "Mifuko ya plastiki iliziba mitaro, ikasababisha mafuriko na kuua mifugo." Ng'ombe na mbuzi wamekuwa mifugo. Maji kufurika mitaani yamekuwa mafuriko. Mama mboga ameachwa, na hata tarehe, ingawa ni ya maana, imeachwa kwa sababu haikuulizwa. Lakini swali lingekuwa ni nani waliotumia mifuko hiyo, mama mboga angekuwa wa kwanza!

Tena, kutumia maneno yako si kubadilisha kila neno. Mitaro ni mitaro tu. Wala usiongeze maoni yako, hata kama unajua kumshinda mwandishi. Mwishowe unganisha hoja kwa viunganishi ziwe aya moja inayotiririka, maana utiririko nao una alama yake. Usiziorodheshe kama bidhaa za dukani. Kisha hesabu maneno.

Wako wenzangu wanaosema, "Ufupisho achana nao, soma sarufi, ina alama 40." Ni kweli, katika karatasi ya pili ya KCSE matumizi ya lugha yana alama 40. Lakini ufupisho una alama 15 kati ya 80, sawasawa na ufahamu. Nani kati yetu ana alama 15 za kutupa?

Isitoshe, mambo hayaishii katika mtihani. Barua ya kurasa tatu ikifika nyumbani, wazazi humpa yule anayesoma sekondari awaambie inataka nini. Akishindwa, watamtafuta mtu wa nje, naye atawaambia apendalo. Asiyejua kufupisha hufupishiwa na wengine.

Kwa walimu wetu wapendwa, nina ombi. Tupeni ufupisho mmoja mfupi kila wiki, hata wa aya moja, badala ya kungoja mpaka mtihani ukaribie. Nasi wanafunzi tuache kuomba daftari la jirani.

Muhula wa pili nilipata alama 9. Si nyingi, najua, lakini safari hii yaliyokuwa kwenye karatasi yalikuwa maneno yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi tuiname pamoja.