Karatasi ya Daktari Isimfilisi Mgonjwa

Mgonjwa anapotoka katika kliniki ya kibinafsi, iwe katikati ya jiji la Nairobi au kule Kangemi na Kawangware, huwa amebeba karatasi ambayo hakuiandika wala haielewi, ilhali ndiye atakayeilipia. Katika biashara ya dawa, anayechagua bidhaa si mnunuzi. Na pale kliniki inapokuwa na chumba chake cha dawa, anayeandika ndiye anayeuza.

Sisemi kwamba madaktari wetu ni walaghai. Ninachosema ni kuwa utaratibu wenyewe humtia majaribuni hata aliye mwadilifu.

La kushangaza ni kwamba kipimo cha uagizaji bora wa dawa kilijadiliwa papa hapa Nairobi. Mnamo Novemba 1985, Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu jijini, na msimamo uliotokana na mkutano huo ni kwamba mgonjwa apate dawa inayoufaa ugonjwa wake, kwa kiasi kinachomfaa, kwa muda unaotosha, na kwa gharama ya chini kabisa kwake na kwa jamii yake. Sharti hilo la nne ndilo kabwela huliona likivunjwa.

Chukua mfano wa mafua. Maradhi haya huletwa na virusi, nazo dawa za kuua bakteria, kama vile amoxicillin, haziui virusi. Mwenye mafua anayeandikiwa dawa hizo hupata hasara mara mbili: pesa zake zimepotea, na bakteria wamepata nafasi ya kuzoea dawa ambayo huenda akaihitaji kesho.

Tazama pia Panadol. Hilo ni jina la kibiashara. Dawa yenyewe ni paracetamol, ambayo viwanda vingi huitengeneza na kuiuza kwa bei nafuu. Kwa tembe za maumivu ya kichwa, tofauti hiyo ni ndogo. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, anayenunua dawa kila mwezi maisha yake yote, jina linaloandikwa laweza kuamua iwapo atamaliza dozi au ataigawa nusu.

Wapo wanaodai kuwa dawa nafuu ni dawa ghushi. Mnamo Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi ilihatarisha haki ya wagonjwa kupata dawa nafuu, kwa kuwa haikuzitenganisha waziwazi na zile ghushi. Kama kuna shaka kuhusu ubora, hiyo ni kazi ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa asitozwe zaidi kwa sababu mkaguzi amelala.

Kwa maoni yangu, daktari aandike jina halisi la dawa, na ada ya kumwona itenganishwe waziwazi na bei ya dawa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa na huduma. Nasi wagonjwa tusione haya kuuliza: "Daktari, dawa hii ni ya nini, na je, ipo ya bei nafuu?" Kuuliza si ujinga, na daktari mwema hatakasirika.